Msumeno Unaoachika

Yote nitakayosimulia hapa gazetini ni kweli tupu. Naapa kwa magoti yangu mawili, moja la mfupa na moja la chuma. Duka la misumeno ya petroli la Marlys, hapa kwetu Tarbell, lina sheria moja tu: anayekamatwa na uongo anawanunulia pai wote waliopo. Mimi tangu nistaafu kuangusha miti, miaka kumi na miwili sasa, sijanunua hata kipande.

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi. Inanyesha ile mvua yetu inayoozesha hata kivuli cha mtu. Nyuma ya duka, Verl Niskala amesimama mbele ya gogo la msonobari lenye unene wa futi tatu. Anautazama mkono wake wa kulia kama mtu anayemlinda mtoto wa jirani. Asipouona umeshika mpini wa msumeno, hana njia ya kujua kama umeshika.

"Kushoto vimekufa vidole vitatu, kulia vinne," anasema. "Baridi ikiingia vinakuwa vyeupe kama mshumaa. Daktari ananiambia eti ni mtikisiko wa msumeno. Nikamwambia, kumbe! Miaka thelathini na minne, ulidhani nacheza kinanda?"

Verl, mwenye miaka 58, huangusha miti kwa dola mia nne kwa siku ya saa sita. Zikipita saa sita mwili huchoka na kuanza kukosea, na kule mteremkoni mtu hukosea mara moja tu. Msumeno, petroli, minyororo na buti za misumari ni juu yake mwenyewe. Majira haya ni ya mwisho kwake.

Jumatatu binti yake Aili, miaka 26, atapanda mlimani kuangusha miti kwa mara ya kwanza. Miaka minne amekuwa akifunga kamba za chuma kwenye magogo yaliyokwisha anguka, ili yavutwe. Leo amekuja kununua msumeno. Baba yake amekuja kuhakikisha haununui ule utakaomuua.

Juu ya benchi kuna misumeno mitatu. Wanaume watatu wa kikosi chao wameegemea ukuta na vikombe vya kahawa, na mimi nipo, maana nipo kila mahali.

Wa kwanza ni fahali wa nguvu za farasi saba, ratili ishirini na nne ukiwa na mafuta na ubapa mrefu unaozungukwa na mnyororo, dola 1,800. Aili anaupitisha kwenye gogo na kipande kinadondoka kwa sekunde tisa.

"Huo asubuhi ni mchumba, ikifika saa tano ni mama mkwe," anasema Dwight, mmoja wa wale wanaume.

"We Dwight, mama mkwe wako ndiye anayekulisha," Marlys anamjibu kutoka mlangoni. "Nyamaza unywe kahawa yako."

Wa pili ni mpya, mwepesi, ratili kumi na nane, dola 1,500. Sekunde kumi na mbili. Mpini wake hautetemi, umetulia kama paka aliyeshiba. Aili anauzima, na bila kujua anaupangusa mvua kwa mkono wa shati.

Wa tatu ni mkongwe uliofufuliwa na Marlys, dola mia nne. Unawaka kwa mvuto wa tano wa kamba, unakata kwa sekunde kumi na saba, na unatikisa hadi meno ya mwenye kuushika.

"Huo ndio uliokula vidole vyangu," anasema Verl. "Au ndugu yake. Haya. Nguvu tumeona, uzito tumeona. Sasa tupime thamani."

Thamani anaipima hivi: Aili azamishe ubapa kwenye gogo, na yeye akipiga kelele, akimbie hadi uzioni. Basi.

Anaanza na ule mkongwe. Verl anapiga ukelele, na kabla sauti haijaisha Aili yuko uzioni, msumeno umeanguka kwenye kokoto kama takataka.

Anafuata na ule mpya. Verl anapiga ukelele. Aili anauchomoa, anaulaza pembeni kwenye nyasi, mbali na matope. Ndipo anakimbia.

"Umekufa," anasema Verl.

"Baba! Sekunde mbili tu!"

"Eino alitumia tatu."

Eino alikuwa mdogo wake Verl. Miaka sita iliyopita alikuwa na msumeno wa siku kumi na moja, ambao alikuwa akilala akiuwaza. Mti ukaanza kuanguka kabla ya wakati wake. Alikwisha piga hatua nne kuelekea mahali salama. Akageuka kuufuata. Verl ndiye aliyemkuta, na ilibidi amfungue vidole kimoja kimoja kwenye mpini.

"Mti ukitoka vibaya, unauacha msumeno," anasema. "Sheria ya kwanza tunayofundishwa, na kila mtu anaijua. Ila msumeno ukiupenda hauachiki. Kwa hiyo mimi sitaki ununue unaoupenda."

"Na vidole vyangu je?" Aili anauliza. "Ninunue huo mkongwe, nikifika umri wako nifungiwe vifungo vya shati na watu?"

Verl anajitazama kifuani. Shati alilovaa asubuhi hii lina zipu.

"Isitoshe, baba mdogo alikuwa na bahati mbaya tu," Aili anaendelea. "Mzee Orrin alirudi kuchukua wake, mti ukaukwaruza tu kifuniko, na huyo hapo anakunywa kahawa. Msumeno si unaning'inia barazani kwake? Mkwaruzo nimeushika kwa mkono huu!"

Wote wakanigeukia.

Hadithi hiyo nimeisimulia miaka ishirini na mitano. Inachekesha. Kila nikiisimulia mti unanenepa kwa futi moja. Aliyeipenda kuliko wote alikuwa Eino, ambaye alikuwa akiniambia, "Rudia pale ulipogeuka, mzee."

"Orrin," Verl akasema kwa upole, jambo ambalo si kawaida yake. "Ulirudi?"

Nikatazama kahawa yangu. Haikuwa na la kunisaidia.

"Sikurudi."

"Sema Aili asikie."

"Sikurudi, binti yangu. Nilikimbia hadi barabarani nikipiga mayowe, kofia ikabaki huko. Msumeno wangu uko chini ya ngazi za nyumba, umepondwa na mti, bapa kama chapati. Ule wa barazani niliununua mnadani. Mkwaruzo niliuchora mwenyewe kwa tupa, jikoni."

Dwight akavua kofia, akairudisha. Aili akautazama msumeno mpya uliolala kwenye nyasi, safi kama bibi harusi.

"Nautaka huu," akasema. Akaingia ndani, akalipa, akatoka na risiti.

Verl akaniuliza, "Tupa unayo?"

Ninayo siku zote. Mazoea ya mnoaji hayastaafu.

"Basi uchore. Kwa moyo ule ule."

Nikapiga magoti kwenye kokoto, la mfupa na la chuma, nikaukwaruza msumeno wa dola 1,500 kutoka kifuniko hadi mpini, huku Marlys akijiziba macho kama anachinjiwa mbuzi. Nilipomaliza, Aili akaupiga teke ukaingia matopeni. Halafu akazamisha ubapa kwenye gogo, Verl akapiga ukelele, na binti akawa uzioni. Hakugeuka.

"Tena," akasema Verl. Wakarudia mara tisa.

Mwishoni nilimuuliza Verl ana matumaini gani kwa Jumatatu, maana gazeti hutaka hivyo.

"Wengine huombea watoto wao wasirudi mikono mitupu," alisema. "Mimi naomba, siku mti ukitoka vibaya, wangu arudi mikono mitupu. Nitamnunulia msumeno mwingine."

Marlys alikuwa amekwisha fungua kabati la pai. Akahesabu kwa kisu: yeye, wanaume watatu, Aili, Verl, mimi.

"Vipande saba, mzee. Toa pesa."

"Vinane," akasema Verl. "Na cha mdogo wangu."

Nikalipa vinane.