Cherehani Nyuma ya Wimbo

Jirani yangu wa ukuta mmoja tunamwita Mama Solo, kwa sababu kwa miaka mingi ndiye aliyeanzisha nyimbo kwenye kwaya. Siku hizi anaimba ndani ya kabati la nguo la binti yake. Ameondoa rafu, ametundika mablanketi, na maiki inaning'inia pale zilipokuwa sare za shule.

Vifaa ni vya binti, aliyeviacha alipokwenda mbali kusomea uuguzi. Kila Jumapili mama humrekodia wimbo na kumtumia. Kati ya maiki na kompyuta kuna kompresa, kisanduku chenye vitufe vya kuzungusha. Kazi yake ni kuibana sauti: mwimbaji akipaza, inaishusha, kisha yote hupandishwa kwa pamoja, hata mnong'ono ukasikika. Mama Solo hubana kupita kiasi, maana akifika kwenye kiitikio hujisahau, akapaza kama yuko ukumbini.

"Legeza kidogo, mama," binti humwambia. "Ukirekodi umebana, mimi huku siwezi kubanua."

Kubana hupandisha na vingine. Pumzi. Friji. Na cherehani ya kukanyaga ya mdogo wake Mama Solo, mjane aliyeshona nguo chumba cha pili, ambaye mtaa mzima tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki.

"Leo nimemsikia mama mdogo kuliko wewe," binti alicheka siku moja, simu ikiwa kwenye spika. "Anashona kama anayekimbizwa na mbwa, halafu anasimama apige soga!"

"Hajui mapigo ya muziki huyo. Ndiyo maana kwaya ilimkataa."

"Nawasikia!" Redio akapaza kutoka chumbani. "Waliogopa nitawafunika!"

Mwaka huu Redio alihamia kwa mwanawe aliyepata mapacha. Cherehani ikabaki, imefunikwa shuka. Mama Solo hakumwambia binti. Baba alipofariki, binti aliacha masomo mwaka mzima akae na mama yake, akarudi chuoni kwa sharti moja: "Ukibaki peke yako, nakuja." Sasa umebaki muhula mmoja tu. Redio akaombwa afunge mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani akaufunga.

Jumapili iliyofuata Mama Solo alirekodi, akasikiliza kabla ya kutuma. Sauti yake ilikuwa imenyooka vizuri. Lakini kati ya ubeti na ubeti kompresa ilikuwa imeinyanyua nyumba: friji, bomba linalodondoka, na nyuma yake hakuna mtu. Angeweza kulegeza, nyumba ikazama chini ya wimbo. Lakini binti angeuliza mama mdogo yuko wapi.

Akavuta waya wa maiki hadi chumba cha pili, akatoa shuka, akaketi kwenye cherehani. Hapakuwa na uzi wala kitambaa. Akakanyaga, akaimba.

Nilisikia cherehani kupitia ukutani, nikadhani Redio amerudi, nikaenda kumsalimia. Nikamkuta Mama Solo peke yake. Alikuwa ameshatuma wimbo, na hata hajamaliza kunieleza, simu ikaita, akaiweka kwenye spika.

"Mama mdogo yupo?" binti aliuliza.

"Si umemsikia? Anashona tangu asubuhi."

"Nimemsikia. Amejifunza lini mapigo?"

Mama Solo akautazama mguu wake, kana kwamba ndio uliomchongea.

"Cherehani inakwenda na wimbo, mama. Ukivuta pumzi, inasimama. Ni wewe."

"Ni mimi."

"Tangu lini uko peke yako?"

"Tangu mapacha walipozaliwa."

"Nakuja."

"Ukija sifungui mlango. Maliza kwanza. Upweke hauniui, mwanangu. Unanichosha tu."

Tukasikia binti akipenga kamasi.

"Haya, namaliza. Lakini usinifiche tena. Nirekodie upya, usikanyage kitu. Na usilegeze. Nataka kuisikia nyumba ilivyo."

Mama Solo akarudisha shuka juu ya cherehani, akaubeba waya kurudi kabatini. Nilitaka kubaki naye, hata nilikuwa nimeshavuta stuli. Kisha nikakumbuka kwamba kompresa ingenisikia nikihema, na binti angedhani kuna mtu.

Nikaaga. Nikaenda kuketi upande wangu wa ukuta, na sikusogeza kiti mpaka alipomaliza kuimba.