Siku Lori la Mjomba Liliposita Njia ya Liboi

Juzi, hapa Galbet, gari kuukuu la mwanangu lilikuwa linasita kila akikanyaga mafuta. Fundi akasikiliza, akasema huenda tangi lina uchafu. Nilicheka mpaka wakanishangaa. Kaa nikusimulie.

Enzi za mkoloni, nikiwa mtoto, mjomba alikuwa na lori. Siku hiyo tulikuwa tunampeleka dada yake, mama yangu mdogo, kwa mumewe kule Liboi. Wakwe walimtarajia kabla ya Maghribi. Sisi wanawake na watoto tulipanda nyuma, juu ya mikeka, na nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokaangwa ikahifadhiwa kwenye samli. Tuliimba tangu alfajiri. Raha gani ile!

Njiani lori likaanza kusita. Linavuta, linakohoa, linazubaa mchangani. Mjomba akasafisha plagi. Likaenda kidogo, yale yale. Akafungua kabureta, akaipuliza. Yale yale! Jua linateremka, bibi harusi analia: "Watasema nimewakataa! Watasema nimetoroka!"

Mwishowe mjomba akachomoa mpira wa petroli, akaufyonza, akatema. Mate meusi!

"Mkaa! Nani ametia mkaa kwenye petroli yangu?"

"Hakuna aliyetia," akajibu bibi yangu, mama yake mjomba, wala hana wasiwasi. "Debe lako la petroli lilikuwa linanuka. Nikaliosha, nikalisugua kwa mkaa kama chombo cha maziwa."

"Hooyo! Mama yangu! Lori linanyonya?"

Wallahi tulicheka hadi bibi mwenyewe akaketi mchangani. Kwetu chombo kisichosuguliwa kwa mkaa ni aibu ya mwenye nyumba, angejuaje? Bibi harusi akafuta machozi, akavua mtandio wake mpya wa hariri, akampa kaka yake.

"Chuja," akasema.

Petroli yote ikachujwa. Lori likanguruma, likaenda bila kusita tena.

Tulifika jua likizama. Mama mkwe alikuja mbio, akamkumbatia, akanusa mtandio akitarajia udi, akakuta petroli.

"Harufu gani hii, mwanangu?"

"Ya kutaka kufika kwenu," akajibu mama mdogo, na vigelegele vikapasuka uwanja mzima.

Aliishi huko kwa furaha mpaka uzeeni. Sasa wote wametangulia, Mungu awarehemu. Walinifurahisha mno watu wale, na leo sina hata mmoja wa kumuuliza, "Unakumbuka?" Ndiyo maana nimekuambia wewe.