Mtoto Mwenye Adabu Kuliko Wote

Siku hizi kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta, jijini. Mvua ikinyesha nainuka kwenda dirishani kuinusa, nami hurudi kitini nimenuna, maana hainukii kama ya Tukuyu. Naikumbuka mvua ile, na migomba inayokudondoshea maji shingoni, na naikumbuka enzi niliyojiona najua kila kitu.

Mimi na muuguzi mmoja tulikuwa tukipita nyumba kwa nyumba, Bulyaga na vijiji vya jirani, kutafuta watoto wanaochelewa kukua: wasiosikia, wasioona vizuri, wasiotembea kwa wakati. Atakayeandikwa angepimwa na madaktari. Asiyeandikwa, basi tena. Maswali yalikuwa kwenye kishikwambi, na kanuni ya kwanza nilikuwa nimeiandika mimi mwenyewe, tena kwa kujidai: aulizwe mkuu wa kaya.

Mkuu wa kaya mmoja alikuwa mzee aliyetukaribisha kwa ndizi mbivu na maziwa mgando, akakataa swali lolote mpaka tule. Tulipokula, akajibu yote kwa neno moja: wazima. Kisha akanionyesha mjukuu wake wa kike, wa miaka minne, aliyekuwa akichana majani ya mgomba uani. Huyo, alisema, ndiye mwenye adabu kuliko wote. Hajawahi kumjibu mkubwa. Nikatabasamu, nikabonyeza "hakuna tatizo", tukaaga.

Tulikuwa tumeshafika kwenye mashamba ya chai tuliposikia mtu anahema nyuma yetu. Alikuwa mama kijana, amelowa hadi magotini, na yule mtoto mgongoni. Alikuwa amezunguka kupitia mtoni, kwa sababu njia fupi inakatiza uani kwa baba mkwe wake, na kwa Wanyakyusa wanaoshika mila mke wa mwana hapiti mbele ya baba mkwe wala hasemi naye. Alimshusha mtoto, akapiga makofi nyuma ya kisogo chake. Mtoto akaendelea kutazama chai.

"Hasikii," alisema. "Mwandikeni. Na babu yake mkamwambie nyie, mimi siwezi."

Yule muuguzi, mtu wa Shinyanga, aliniuliza mimi ni Mnyakyusa wa wapi. Mama yangu mzazi alikuwa akizunguka nyuma ya nyumba vivyo hivyo kila aliposikia babu anakohoa, nami nikimfuata nimeshika kanga yake, nikidhani ni mchezo. Niliona aibu, na hata leo nikikumbuka uso unapata moto. Nilikaa palepale kwenye nyasi mbichi, nikaanza upya swali la kwanza, safari hii kwa mama.

Kisha tukapanda tena kwa mzee, na mama akarudi na mtoto kwa njia yake ya mtoni. Nilimweleza mzee taratibu.

"Ndaga," alishukuru. "Kumbe nimemsifu miaka yote hii kwa kutonisikia."

Mtoto akatokea peke yake kwenye migomba, akarudia majani yake. Mzee alifungua kinywa kumwita, akakifunga. Aliinuka kwenye kigoda, akamfuata hadi alipokuwa, akachuchumaa kwa shida, akamgusa bega.