Uvimbe Usiouma

Nilikuwa nafuturu kwa tende, nyumbani kwangu Garissa, ulimi ukagusa kitu kigumu kwenye kaakaa. Hakikuuma. Nilipompigia mama, aliye Habaswein, alicheka. "Hooyo," akaniita, maana mama zetu humwita mtoto kwa neno lilelile tunalowaita wao, "hiyo ni chai ya moto tu. Uwe unapoza."

Uvimbe ulipozidi, alikuja na mjomba. Kwetu uvimbe hutibiwa kwa moto, basi mjomba akapasha chuma akanichoma shavuni, upande wa uvimbe. Nilipiga kelele hadi majirani wakaja mbio. Jeraha lilipokauka, mama alimshukuru Mungu akachinja mbuzi. Nikaila nyama ile na uvimbe wangu mdomoni, mzima wa afya kuliko mimi.

Ndipo nikaenda hospitali. Daktari wa kinywa aliubonyeza akaniuliza kama unauma. Nikasema hauumi kabisa. Uso wake haukufurahi, na hapo hofu ikaniingia. Alikata kipande kidogo kikapelekwa kupimwa Nairobi. Majibu yalikawia, na kila simu ilipolia niliidaka nikidhani ni hospitali.

Ilikuwa saratani ya tezi za mate. Hata sikujua kwamba kaakaa lina tezi za mate! Daktari alisema ni nadra, hukua taratibu, tena hutambaa kwenye mishipa ya fahamu. Ikiachwa itapanda juu hadi kichwani. Wangeniondoa sehemu ya kaakaa, wazibe tundu kwa kaakaa la bandia, kisha nipigwe mionzi.

"Na sauti yangu?"

"Itabadilika. Kwa kiasi gani, siwezi kukuahidi."

Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa, lakini hawakusema anayeyafichua atabakiwa na nini. Niliogopa kufa, na niliogopa kuishi nikiwa bubu. Nikatia sahihi ya kukubali upasuaji.

Nilipasuliwa Nairobi. Siku za kwanza chai ilinitokea puani. Walipoweka kaakaa la bandia nilijifunza upya kusema bismillahi, mbele ya kioo, hadi muuguzi akanielewa. Siku hiyo nilijiona nimepona. Nikampigia mama.

"Hooyo, ni mimi."

Akajibu kwa ile adabu yake ya kuzungumza na wageni: "Samahani, dada. Hebu mpe simu binti yangu."