Babu Orest na Petroli ya Ushirika

Babu yangu, Orest Hnatiuk, husahau tarehe ya harusi yake kila mwaka, lakini namba yake ya uanachama wa ushirika, 417, atakutajia hata ukimchoma sindano ya ganzi. Alishamtajia daktari wa meno. Baba yake alikuwa mmoja wa wakulima arobaini waliochanga mbao wakajenga ghala la kwanza la nafaka la ushirika kwetu Saskatchewan, Kanada, enzi ambazo makampuni yalikuwa yakiwapunja kwenye mizani. Tangu hapo hakuna Hnatiuk aliyetia tone la petroli ya kampuni kwenye gari lake. Kanisani tunakwenda Jumapili; ushirika ni dini ya siku sita zilizobaki.

Kwa hiyo Julai ile tulipofika mji wa Brannock tukiwa na robo tangi, na kituo cha mafuta cha kampuni kikitung'alia kando ya barabara kama jino la dhahabu, Babu hakupunguza hata mwendo.

"Orest," Bibi Leona akasema, "tia mafuta."

"Kessock kuna ushirika. Kilometa sabini tu."

"Upepo unatoka mbele, na tunakokota nyumba."

"Mama, gari langu nalijua," Babu akamjibu mkewe.

Nyumba ndiyo ile ya magurudumu wanayolala kila Julai wakienda kupiga kambi milima ya Cypress. Mwaka huu ilibeba mzigo mpya, mashine ya oksijeni ya Bibi, yenye ukubwa wa kikapu cha sokoni na mrija unaoingia puani. Usiku uliotangulia tulilala kwenye kambi ya Buffalo Pound, na sehemu zote zenye umeme zilikuwa zimeshachukuliwa. Betri ya akiba ikaisha kabla ya alfajiri, nyingine ikabaki robo. Sasa mashine ilikuwa inakula umeme wa gari, nao ulitosha kuiendesha tu, si kujaza betri. Injini ikizima, Bibi ana dakika arobaini. Sote watatu tulilijua hilo.

Upepo ulikuwa umeilaza ngano yote upande mmoja. Nilikuwa kiti cha nyuma nikiangalia mshale wa mafuta unavyoshuka. Simu haikuwa na mtandao.

Kessock kulikuwa na nyumba sita, nne zimepigiliwa mbao madirishani. Pampu ya ushirika ilikuwa imeng'olewa. Zilibaki bolti nne zimesimama kwenye zege, na karatasi mlangoni ikiwashukuru wanachama kwa uaminifu wao. Wamefunga tangu Oktoba. Babu aliteremka akaisoma, akarudi mwanzo akaisoma tena. Injini ilikuwa inanguruma, maana hatukuthubutu kuizima.

"Babu," nikamwita, "ukiisoma mara ya tatu pampu itaota?"

Bibi akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Nikajuta. Taa ya njano ya mafuta ilikuwa imeshawaka.

Kurudi Brannock ni kilometa sabini. Mbele, mji wenye pampu ni sitini. Nikasema tuiache nyumba hapohapo. Babu hakubisha, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu Babu hubishana hata na utabiri wa hali ya hewa. Alihangaika kuchomoa pini ya kukokotea hadi kidole kikachubuka.

Tukaenda mbele polepole, vioo juu, bila kiyoyozi. Babu akaanza kunong'ona kwa Kiukraine cha mama yake.

"Usiniombee bado," Bibi akamwambia. "Endesha."

Tulifika kwenye lango la shamba moja, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Mashine ya Bibi ikalia mara moja na kuhamia kwenye betri. Nyumba nyeupe ilionekana mbali, mwisho wa njia ya kokoto, kama kilometa moja. Nikafungua mlango.

"Wewe kaa," Babu akasema. "Mashine unaijua wewe. Mimi hata kuiwasha siwezi."

Akaondoka. Ana miaka sabini na mmoja na goti la chuma.

Nikaipunguza mashine kutoka namba tatu hadi mbili ili betri ivute muda. Midomo ya Bibi ilikuwa na rangi nisiyoipenda.

"Ulimi wako umekwenda wapi?" akauliza.

"Naupumzisha, Bibi."

"Usiupumzishe. Ukinyamaza wewe... ndipo naogopa."

"Basi mtazame mumeo. Anakimbia kama mtu aliyeficha mayai mfukoni."

Akatabasamu, macho yake hayakumwacha Babu. Tulimwona Babu akifika, akibisha mlango wa mbele, kisha wa nyuma. Hakuna aliyefungua. Julai watu wako ziwani au shambani. Akazunguka nyuma ya banda, akapotea. Betri ikabaki na dakika kumi na moja. Mashine ikaanza kulia mfululizo. Nikamshika Bibi mkono; vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Kisha vumbi likanyanyuka nyuma ya banda, na pikapu ikaja kwa fujo, Babu akiwa ndani. Mwanamke aliyeshika usukani, Marlys Tveit, alikuwa shambani kwake kwenye dengu. Hata salamu hakutoa.

"Waya wake unafika? Chomeka kwangu."

Nikachomeka. Kelele ikakatika. Nikairudisha mashine kwenye tatu, na tukasimama wote kumtazama Bibi akipumua, kama watu wanaosubiri uji uchemke. Rangi ikamrudia taratibu.

Marlys akashusha dumu la petroli. Ubavuni lilikuwa na jina la kampuni ileile ya Brannock. Akaiona kofia ya Babu yenye nembo ya ushirika.

"Mzee, hawatakufukuza uanachama?"

Babu hakucheka. Alimimina mwenyewe, petroli ikimwagikia viatuni. "Nilikipita kituo," akasema. "Nilikiona, nikakipita."

Marlys akamtazama Bibi, akaacha utani.

"Orest, njoo," Bibi akaita. Babu akainama dirishani. "Miaka kumi na tisa nimefagia vumbi la ngano kwenye ghala la ushirika. Mapafu nilishawapa. Hii pumzi iliyobaki ni yangu."

"Ni yako," Babu akasema.

Tulirudi kuichukua nyumba, na jioni tukafika Cypress, sehemu yenye umeme. Babu aliikagua plagi mara nne, kisha akaniambia nimfundishe mashine. Nikamfundisha. Alirudia kila kitufe kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, na safari hii sikumtania.

Siku ya kuondoka, kituo cha kwanza tulichokutana nacho kilikuwa cha kampuni. Akakata kona, akaingia.

"Orest," Bibi akasema, "bado tuna robo tatu."

"Najua," akasema, akashuka.