Kigoda cha Utemi Kiko Edmonton

Baba alikuwa mrithi wa utemi. Miaka sita ya mwisho nilimwogesha na kumlisha hapa kwangu Edmonton, Kanada, alikokuja na kigoda cha babu. Kabla matanga yake hayajaisha, baba mdogo akapiga simu kutoka nyumbani: ukoo umemchagua kaka yangu awe mtemi, ambaye hata simu za baba hakuwa akizipokea.

"Tutumie kigoda, mwanangu. Asipokikalia mbele ya ukoo, hatawazwi."

"Na mimi je?"

Akacheka. "Wewe mwanamke, tena mvivu, hata mkate unaletewa mlangoni. Utamtawala nani, paka?"

Kweli, mimi na kochi ni ndugu. Lakini hasira ilinipanda.

"Baba mdogo, mwambie mtemi wenu akifuate mwenyewe. Atanikuta nimekikalia."