Jina Tulilompa Mtoto wa Jirani

Nakumbuka wiki moja, mwanangu, mwishoni mwa miaka ya sitini. Tulikaa mtaa wa Kawangware, nami ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kazi ya kupiga taipu katika ofisi moja kule Hurlingham. Baba yangu alikuwa karani mjini, mtu wa chama tawala kweli kweli. Taarifa ya habari ikianza, hata mtoto hakuruhusiwa kukohoa.

Jumatatu polisi walivunja mkutano wa wapinzani barabarani, katikati ya jiji. Odhiambo, mtoto wa jirani yetu Mama Akinyi, akarudi amepasuliwa kichwa. Mama yake akaja kwetu kuomba dawa ya kidonda. Baba alimpa, hakuwa mchoyo, lakini hakuweza kunyamaza.

"Mama Akinyi, mwambie kijana aache uhuni. Serikali haiwezi kuchekea wahuni."

Yule mama alishukuru kwa dawa, akaenda zake.

Ijumaa wafuasi wa chama cha Baba waligombania nani awe mgombea wao, wakajazana barabara ile ile. Polisi wakaja na virungu vile vile. Kaka yangu Wafula aliletwa nyumbani ameshikiliwa na wenzake, mkono umevunjika.

Baba alipaza sauti mpaka majirani wakatoka. "Wamepiga wananchi! Watu wa amani, wanadai haki yao!"

Mama alikuwa akimfunga Wafula kitambaa. Hakuinua kichwa. "Baba Wafula, na Odhiambo alikuwa anadai nini?"

"Wale walirusha mawe!"

"Na hawa?"

Baba akamgeukia Wafula. Kaka yangu akatazama chini. "Tulirusha, Baba."

Jumapili, tulipotoka kanisani, Baba aliniambia nimsindikize kwa Mama Akinyi. Hatukukaribishwa kuketi.

"Nilimwita mtoto wako mhuni," Baba alisema.

"Nilikusikia."

"Kama ni mhuni, basi hata kwangu yuko mmoja."

Nilidhani Mama Akinyi atatufukuza. "Hapana," akasema. "Ni vijana, na wamerusha mawe. Wewe mgombeze wako, mimi nitamgombeza wangu." Kisha ndipo akatuletea viti.

Mwanangu, leo nakusikia wewe na rafiki zako mkizungumza siasa. Mwanasiasa wenu akihama chama, amefumbua macho. Wa wenzenu akihama, amenunuliwa. Sikukatazi kuwa na upande. Mimi pia ninao. Lakini kabla hujampa mtu jina, jaribu kwanza kumwita ndugu yako jina hilo kwa kosa hilo hilo. Likikukwama kooni, tafuta lingine. Na aliyerusha jiwe, sema amerusha jiwe, awe wako au wao.

Mungu akujalie macho ya haki na ulimi usiobadilika kwa kutazama sura, na majirani zako wasikuogope unapofungua kinywa.